Kila Neno la Kiingereza Lina Ndugu: Mwongozo wa Kujifunza Kitenzi, Nomino na Kivumishi kwa Pamoja

Maswali yafuatayo huulizwa na wanaoanza Kiingereza karibu kila wiki, tena kwa namna ileile. Kwa nini *I am agree* ni kosa, ilhali *I am ready* ni sahihi? Kuna tofauti gani kati ya *advice* na *advise*? Ikiwa *decide* huzaa *decision*, mbona *arrive* huzaa *arrival*? Nimeyajibu moja baada ya jingine kwa muda mrefu, hadi nikaona kwamba chanzo chake ni kimoja: mwanafunzi amelijua neno moja bila kuwajua ndugu zake, na hajui ni ndugu yupi anayepaswa kukaa sehemu ipi ya sentensi. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu, ili anayeuliza apate kazi ya kufanya kwa mkono wake, siyo jibu la swali moja tu.

Jambo lenyewe si geni kwako. Ukijua kitenzi "pika", unawajua pia "mpishi", "upishi", "mapishi" na "pikika", na hakuna aliyekuketisha chini kuwakariri mmoja mmoja. Kiingereza nacho kina koo za maneno kama hizo. Tofauti ni kwamba viambishi vyake havitabiriki kwa urahisi, kwa sababu lugha hiyo ilikusanya maneno kutoka pande mbili: yale ya kale ya jamii ya Kijerumani, na mengine mengi ya Kifaransa na Kilatini yaliyoingia hasa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kwa hiyo *strong* ina nomino *strength*, ilhali *possible* ina nomino *possibility*, na hakuna kanuni moja inayoziunganisha. Nadharia ninayoihitaji inaishia hapo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari moja lenye kurasa pana, litakalotumika kwa kazi hii pekee.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanafunzi, iwe ya kitabu au ya kwenye simu. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili hukupa maana, lakini mara nyingi haionyeshi neno likitumika ndani ya sentensi, na hapo ndipo penye kazi.
- Ukurasa mmoja wa Kiingereza ambao unauelewa kwa sehemu kubwa: habari, hadithi fupi au somo.
- Nusu saa kwa siku, na koo mbili au tatu za maneno, zisizidi hapo.

Usianze na orodha ya maneno mia tano uliyoipata mahali fulani. Orodha ya namna hiyo imekwisha kufanyiwa kazi na mtu mwingine, nawe utabaki kuitazama tu bila kuimiliki.

Hatua ya 1: Itambue nafasi kabla ya kutafuta neno

Unapoona pengo katika zoezi, au unapokwama katikati ya sentensi yako mwenyewe, usikimbilie kamusi. Tazama kwanza neno lililotangulia na neno linalofuata, kwa kuwa majirani hao ndio wanaoamua umbo litakalokaa hapo. Baada ya *a*, *an*, *the*, *my*, *this*, au baada ya kihusishi kama *of*, *for* na *without*, sentensi inadai nomino. Kati ya *the* na nomino pana nafasi ya kivumishi. Baada ya *is*, *are*, *was*, *become*, *seem* na *feel*, mara nyingi hukaa kivumishi. Baada ya *can*, *will*, *must*, *do not* na *to*, hukaa kitenzi.

Chukua neno la mafanikio, uone linavyobadilika kulingana na majirani:

*She wants to succeed.* Limetanguliwa na *to*, kwa hiyo ni kitenzi.
*Her success surprised us.* Limetanguliwa na *her*, nalo ndilo linalotenda jambo katika sentensi, kwa hiyo ni nomino.
*She is a successful writer.* Liko kati ya *a* na nomino *writer*, kwa hiyo ni kivumishi.

Wengi huandika *She is success*, na wengine huandika *She successed*. Kosa la kwanza limeiweka nomino mahali pa kivumishi, na la pili limeitwika nomino mzigo wa kitenzi. Yote mawili yangeepukwa iwapo mwandishi angetazama nafasi kabla ya kuandika.

Angalizo moja kuhusu *to*: mara nyingine si alama ya kitenzi bali ni kihusishi. Katika *I look forward to your reply*, kinachofuata ni nomino, na ukitaka kutumia kitenzi hapo ni lazima kichukue *-ing*, kama katika *I look forward to meeting you*.

Hatua ya 2: Usiifuate aina ya neno la Kiswahili

Hatua hii naiona kuwa muhimu kuliko nyingine zote kwa msemaji wa Kiswahili, na nakuomba usiipite haraka. Makosa mengi ya aina za maneno hayatokani na kutojua Kiingereza. Yanatokana na kukijua Kiswahili vizuri na kudhani kwamba kila nomino yake itapokewa na nomino ya Kiingereza.

Angalia jinsi Kiswahili kinavyoeleza hali ya mtu kwa "kuwa na" pamoja na nomino: nina njaa, nina kiu, nina hasira, nina hofu, nina hakika, ana nguvu, ana wivu. Kiingereza, katika sentensi zizo hizo, kinatumia *be* pamoja na kivumishi: *I am hungry, I am thirsty, I am angry, I am afraid, I am sure, he is strong, he is jealous*. Mwanafunzi anayefuata Kiswahili huandika *I have hungry*, akachukua kitenzi kutoka lugha moja na kivumishi kutoka lugha nyingine. Nomino zipo, *hunger*, *thirst*, *anger*, *fear*, *strength*, nazo zina kazi zake: *Hunger made him weak*, *I was surprised by her anger*. Ila hazikai mahali pale ambapo njaa na hasira hukaa katika Kiswahili.

Kisha angalia "-me-". Tunasema nimechoka, nimechelewa, nimeshiba, amelala, amekufa, kikombe kimevunjika. Vyote hivyo ni vitenzi. Kiingereza hueleza hali hizo kwa vivumishi: *I am tired, I am late, I am full, he is asleep, he is dead, the cup is broken*. Lakini ukitaka kutaja tukio lenyewe, yaani kile kilichotokea wakati fulani, kitenzi hurudi: *he died last year*, *the cup broke*. Ukoo wa *die* unasumbua sana kwa sababu hii. Watu huandika *he is died*, au *he was dead in 1998* walipokusudia kusema kwamba alifariki mwaka huo. Jiulize kila mara: nataja tukio au nataja hali iliyobaki baada ya tukio? Tukio ni *die*, hali ni *dead*, na jambo lenyewe likiitwa kwa jina ni *death*.

Mara nyingine mambo huenda kinyume. "Nakubali" ni kitenzi, na *agree* nacho ni kitenzi, kwa hiyo *I agree* imetimia na haihitaji *am*. Wanaoandika *I am agree* wamezoea *I am happy* na *I am sure*, wakadhani *am* huandamana na "mimi" popote pale.

La mwisho katika hatua hii ni maneno yanayounganishwa kwa "-a". Tunaposema mtu wa hekima, hali ya hatari, habari za uongo, suala la kisiasa au tatizo la kiuchumi, Kiingereza hupendelea kivumishi kimoja kinachotangulia nomino: *a wise person, a dangerous situation, false news, a political issue, an economic problem*. Ukiona katika kichwa chako muundo wa "-a" ukifuatwa na nomino ya dhahania, simama, utafute kivumishi cha ukoo huo kabla ya kuandika *of*.

Zoezi la hatua hii ni dogo: andika sentensi kumi za Kiswahili zenye "nina", "-me-" na "-a" kuhusu siku yako, kisha uziandike kwa Kiingereza ukipigia mstari neno lililobadili aina.

Hatua ya 3: Chora safu nne na uzijaze kwa kamusi

Gawanya ukurasa wa daftari katika safu nne: kitenzi, nomino, kivumishi, kielezi. Chagua neno moja kutoka katika ukurasa ule unaousoma, uliweke katika safu yake, kisha uwatafute ndugu zake katika kamusi. Kamusi nyingi huonyesha aina ya neno kwa kifupi pembeni mwa kidahizo, yaani neno linaloelezwa: *v* ni kitenzi, *n* ni nomino, *adj* ni kivumishi, *adv* ni kielezi. Tazama pia maneno yaliyo juu na chini ya hilo unalolitafuta, kwa sababu ndugu wengi hukaa ukurasa mmoja.

Mfano wa mstari mmoja uliokamilika:

*decide* | *decision* | *decisive, undecided* | *decisively*

Usiridhike na kuandika maumbo tu. *Decisive* haimaanishi "aliyeamua". Humweleza mtu anayeamua bila kusitasita, au jambo linaloamua matokeo, kama katika *a decisive victory*. Aliyeshindwa kufikia uamuzi ni *undecided*. Ndugu hushirikiana asili, lakini kila mmoja ana tabia yake, nawe ni lazima uzisome tabia hizo katika sentensi za mfano ambazo kamusi imetoa.

Baadhi ya safu zitabaki tupu, na hilo si kosa lako. *Big* haina kitenzi chake. Anayetaka kusema "kukuza" kwa maana ya kufanya kitu kiwe kikubwa atachukua *enlarge*, kutoka ukoo wa *large*. Acha nafasi wazi na uweke kistari. Usibuni neno ili kuujaza mstari.

Hatua ya 4: Weka pamoja koo zinazofanana

Baada ya wiki mbili utakuwa na mistari ya kutosha kuona mienendo. Nimesema viambishi havitabiriki kwa urahisi, lakini yapo makundi yanayotembea kwa hatua moja, na kuyajua hukupunguzia kazi sana. Vitenzi vingi vinavyoishia kwa *-de* hutoa nomino kwa *-sion* na kivumishi kwa *-sive*: *conclude, conclusion, conclusive*, *explode, explosion, explosive*, *persuade, persuasion, persuasive*. Vinavyoishia kwa *-duce* hutoa *-duction*: *produce, production, productive*. Vinavyoishia kwa *-scribe* hutoa *-scription*: *describe, description, descriptive*. Vinavyoishia kwa *-ify* hutoa *-ification*: *simplify, simplification*, ambapo kivumishi ni *simple*. Kundi la *-ceive* hutoa *-ception*: *deceive, deception, deceptive*.

Lipo kundi la vivumishi vifupi vya kale ambalo nalipenda kwa sababu limekamilika pande zote tatu: *long, length, lengthen*, *strong, strength, strengthen*, *wide, width, widen*, *deep, depth, deepen*. Hapa kivumishi ndicho mzazi, nomino huchukua *-th*, na kitenzi huchukua *-en*.

Halafu kuna wale wasiofuata kundi lolote, nao ni maneno ya kila siku, kwa hiyo hakuna budi kuyakariri: *choose* na *choice*, *lose* na *loss*, *sell* na *sale*, *speak* na *speech*, *think* na *thought*, *know* na *knowledge*, *fly* na *flight*, *behave* na *behaviour*, *complain* na *complaint*, *prove* na *proof*, *poor* na *poverty*, *proud* na *pride*. Yape ukurasa wao peke yao mwanzoni mwa daftari, mahali ambapo utayaona kila unapolifungua.

Wakati wa kuyaandika, chunga tahajia, kwa maana neno hupoteza herufi linapopewa kiambishi. *Explain* hupoteza *i* na kuwa *explanation*. *Pronounce* hupoteza *o* na kuwa *pronunciation*. *Argue* hupoteza *e* na kuwa *argument*. *Curious* hupoteza *u* na kuwa *curiosity*. *Happy* hugeuza *y* kuwa *i* katika *happiness*.

Hatua ya 5: Tamka kila ndugu kwa sauti

Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho karibu katika kila neno, hivyo hatuna mazoea ya kutumia mkazo kutambua aina ya neno. Kiingereza hufanya hivyo waziwazi. *Record* yenye mkazo kwenye silabi ya kwanza ni nomino, na yenye mkazo kwenye silabi ya pili ni kitenzi. Ndivyo ilivyo pia kwa *present*, *import*, *export*, *increase*, *permit* na *object*. Katika ukoo wa *photograph* mkazo huhama kila mara: uko kwenye silabi ya kwanza katika *photograph*, ya pili katika *photography*, na ya tatu katika *photographic*.

Sauti ya konsonanti ya mwisho nayo hutenganisha ndugu. *Advice* ni nomino na huishia kwa sauti ya s, wakati *advise* ni kitenzi na huishia kwa sauti ya z. *Use* huandikwa kwa namna moja, ila nomino hutamkwa kwa s na kitenzi kwa z. *Belief* ni nomino yenye f, na *believe* ni kitenzi chenye v, sawa na *proof* na *prove*. Ukiushika mwenendo huu, kwamba sauti nyepesi iko kwenye nomino na sauti yenye mtetemo kooni iko kwenye kitenzi, utaacha kuchanganya jozi nyingi kwa wakati mmoja. Weka vidole kooni unapotamka *advise*, utausikia mtetemo mwishoni. Tamka *advice*, nao utakoma kabla ya neno kwisha.

Hatua ya 6: Kila umbo liandikie sentensi pamoja na kihusishi chake

Ndugu wa ukoo mmoja huweza kuhitaji vihusishi tofauti, na hapa ndipo hata wanafunzi wazuri hujikwaa. Kitenzi *discuss* hakichukui kihusishi: *We discussed the plan*. Nomino yake hukichukua: *We had a discussion about the plan*. Vivyo hivyo, *emphasise* husimama bila kihusishi, lakini *emphasis* huchukua *on*. *Answer* ikiwa kitenzi hufuatwa moja kwa moja na swali, na ikiwa nomino huwa *the answer to the question*. *Depend* na *dependent* huchukua *on*, ilhali *independent* huchukua *of*. Kosa la *discuss about* hutokea kwa sababu mtu alisoma nomino na kihusishi chake, kisha akakihamishia kihusishi hicho kwenye kitenzi.

Katika nomino, andika pia kama inahesabika. *Decision* ina wingi, *decisions*. *Advice*, *information*, *knowledge* na *evidence* hazina wingi wala kwa kawaida hazichukui *a*, ingawa Kiswahili husema ushauri mmoja na taarifa tatu. Ukitaka kuhesabu, sema *a piece of advice*.

Hatua ya 7: Ongeza kinyume cha neno

Vivumishi hukanushwa kwa *un-*, *in-*, *dis-*, pamoja na *im-* kabla ya *m* na *p*, *il-* kabla ya *l*, na *ir-* kabla ya *r*: *impossible, illegal, irregular*. Hata hivyo *unlimited*, *unpopular* na *unreliable* zimebaki na *un-*, hivyo herufi peke yake haitoshi kukuongoza. Kilicho kigumu zaidi ni kwamba kiambishi kinaweza kubadilika ndani ya ukoo mmoja. Kivumishi ni *unable*, lakini nomino ni *inability*, na kitenzi ni *disable*. Kivumishi ni *unequal*, nomino ni *inequality*. Ni *unjust*, kisha *injustice*. *Unstable*, kisha *instability*. Andika kinyume cha kila umbo kivyake.

Hatua ya 8: Igeuze sentensi

Hili ndilo zoezi linaloonyesha kama umejua au umekariri tu. Chukua sentensi yenye kitenzi, kisha useme jambo lilelile kwa nomino:

*He decided quickly* inakuwa *He made a quick decision*.
*She explained the rule clearly* inakuwa *She gave a clear explanation of the rule*.

Tazama yaliyotokea. Kitenzi kilipogeuka nomino, kielezi *quickly* kililazimika kuwa kivumishi *quick*, kwa sababu kielezi huandamana na kitenzi na kivumishi huandamana na nomino. Pia ilibidi kuleta kitenzi kipya cha kubeba nomino, nacho hakichaguliwi ovyo: ni *make a decision*, *give an explanation*, *have a discussion*. Fanya sentensi tano kila siku, kisha uzirudie baada ya siku tatu na baada ya wiki moja, ukiwa umefunika upande wa majibu kwa karatasi.

Makosa ya kujihadhari nayo

Mwisho wa neno ni dalili, hauthibitishi aina yake. *National* na *cultural* ni vivumishi, lakini *arrival*, *refusal*, *approval* na *survival* ni nomino. *Quickly* ni kielezi, ilhali *friendly*, *lovely* na *lonely* ni vivumishi, na kwa hiyo hatusemi *he spoke friendly*, bali *he spoke in a friendly way*.

Jozi za *-ed* na *-ing* zinahitaji uangalifu wa pekee, maana kosa lake hugeuza maana badala ya kuiharibu tu. *I am bored* ni kusema kwamba mambo yamenichosha. *I am boring* ni kusema kwamba mimi ndiye ninayewachosha wengine. Anayepokea hisia huchukua *-ed*, na kinachoisababisha huchukua *-ing*. Nimesoma barua ya kuomba kazi ambamo mwombaji, kwa moyo wote, alijieleza kuwa *very interesting in this position*. Alitaka kusema *interested*, yaani anavutiwa na nafasi hiyo.

Vipo pia vivumishi viwili vya ukoo mmoja vyenye maana tofauti: *economic* huhusu uchumi na *economical* huhusu kutotumia kingi, *considerate* ni mwenye kuwajali wengine na *considerable* ni kikubwa kwa kiasi, *sensible* ni mwenye busara na *sensitive* ni mwepesi wa kuguswa.

Ukikwama

*Nimekuta nomino mbili za kitenzi kimoja.* Hilo ni la kawaida, na kila moja ina kazi yake. *Receive* ina *reception*, yaani mapokezi, na *receipt*, yaani stakabadhi. *Commit* ina *commitment* na *commission*. Andika zote mbili, kila moja na sentensi yake.

*Neno halibadiliki umbo kabisa.* *Work*, *help*, *hope*, *change*, *visit* na *plan* ni vitenzi na ni nomino vilevile. Rudi kwenye Hatua ya 1, kwa kuwa hapa nafasi peke yake ndiyo itakayokuambia.

*Vitabu viwili vinaandika tofauti.* Huenda kimoja ni cha Uingereza na kingine cha Marekani. Waingereza huandika *practise* kwa kitenzi na *practice* kwa nomino, nao Wamarekani huandika *practice* kwa yote mawili. Chagua mtindo mmoja na ubaki nao.

*Sikumbuki nomino, na mtihani unaendelea.* Usibuni. Ipange sentensi upya ili itumie kitenzi unachokijua. Mtu asiyekumbuka *refusal* anaweza kuandika *because he refused*, na sentensi yake itakuwa sahihi.

*Naelewa ninaposoma, lakini nakosea ninapoandika.* Basi unasoma kwa macho tu. Chukua sentensi uliyokwisha kuiandika, uipitishe neno kwa neno katika hatua hizi. Hii ni sentensi ambayo mwanafunzi mmoja aliniletea, na naiweka hapa kwa sababu imebeba karibu kila kitu tulichokizungumza:

*I am very appreciate your advices about my pronounciation, they are very help.*

*Appreciate* ni kitenzi, kwa hiyo *am* inaondoka, na *very* nayo inaondoka kwa kuwa haikai peke yake mbele ya kitenzi. Mahali pake panafaa *really*. *Advices* haipo, kwani nomino hiyo haina wingi. *Pronunciation* imekwisha kupoteza *o* ya *pronounce*. *They* inageuka kuwa *it*, kwa sababu *advice* ni umoja. Baada ya *is very* nafasi inadai kivumishi, na ndugu wa *help* anayekaa hapo ni *helpful*. Kinachobaki ni hiki:

*I really appreciate your advice about my pronunciation. It is very helpful.*